Jina la Mkwe Haliandikwi

Ushirombo
8 Septemba 1985

Shemeji Otmar,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Mama mpaka kwa mbuzi ambao hawakujui. Sisi tunapumua. Kamili yuko darasa la tano na bado anaandika kwa mkono wa kushoto, mwalimu amechapa mpaka amechoka. Justina ameota meno ya mbele na anamng'ata kila mtu. Pamba ya mwaka huu imetuangusha, mvua zilikatika maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka. Wewe je? Miaka sita sasa. Umeshampata Mjerumani wa kuja kunisaidia kuchota maji, au bado wanakukimbia? Aje tu, ndoo ninayo.

Nimeanza na ya kucheka kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Mama anaumwa. Ana uvimbe tumboni, upande wa kushoto. Alikuwa anauficha kwa khanga na kuniambia ni shibe, kana kwamba sijui tunakula nini humu ndani. Nimempeleka misheni. Daktari amebonyeza hapa na pale, kisha akanitoa nje akasema: "Huu ukatwe mapema, Mwanza, ukisubiri sana hautakatika tena." Gari la kukodi mpaka Mwanza unajua bei yake, na petroli haipatikani ila kwa kujuana. Halafu dawa, nyuzi, hata glavu za daktari, mgonjwa anaambiwa aje nazo mwenyewe. Tumeuza ndama mmoja na haikutosha hata nusu.

Ukituma chochote, usitume kwa jina langu. Kaka yako akirudi kutoka machimboni akaniuliza, mimi ni mke wake, siwezi kumwambia sina. Wala usitume kwa jina lake, sababu unaijua na mimi siiandiki. Tuma kwa jina la Mama mwenyewe. Stanslaus na ubishi wake wote hawezi kumdai mama yake hela ya tumbo lake. Ana kitabu cha benki pale Kahama, ushirika uliwafungulia wakulima mwaka ule ulipokataa kulipa pamba mkononi.

Sasa tatizo ni jina. Wewe uliondoka kabla Mama hajabatizwa, kwa hiyo la kitabuni hulijui. Mimi nalijua, lakini mimi ni mkwe, silitamki, na kuandika ni kutamka vilevile. Nitakupitisha pembeni. La kwanza limetoka kwenye Sikukuu Kubwa, ile tunayoifungia siku arobaini, ndiyo siku aliyomwagiwa maji. La pili ni la marehemu Baba, lile la kinachonyesha, ukisema kwa Kisukuma. Jina lake la kuzaliwa, lile la kinachochomoza asubuhi, halimo kabisa kitabuni. Afadhali Kiswahili, naandika mvua na jua bila kumkosea mtu. Wewe ni msomi, utaunganisha.

Mama anauliza utakuja lini. Nimemwambia nitauliza.

Ni mimi shemeji yako,
Generoza, Mama Kamili


Dortmund
20 Oktoba 1985

Mama Kamili,

Shikamoo, ingawa najua utasema nakuzeesha. Barua yako imekaa njiani wiki tano. Huku majani yanaanguka na saa kumi na mbili jioni ni giza, naenda kazini giza na kurudi giza. Mwambie Kamili aendelee na mkono wake wa kushoto, huku wapo mainjinia wanautumia na hakuna anayewachapa. Mjerumani wa kuchota maji bado sijampata. Wanataka maji yaje yenyewe.

Habari ya Mama imenikalisha chini. Sijui niandike nini juu yake, kwa hiyo nakuandikia nilichofanya.

Nimetuma mark mia sita. Ndiyo akiba yangu yote kwa sasa. Nataka uelewe zitakavyofika, ili usije ukadhani karani amekuibia. Benki ya hapa imekata ada yake ya kutuma. Ziko benki za katikati, nazo zitakata. Dar es Salaam watakata yao, kisha ndipo watazigeuza shilingi kwa bei ya serikali, ambayo ni shilingi sita na senti kidogo kwa mark moja. Stanslaus aliwahi kuniandikia kwamba wanunuzi wa dhahabu huko machimboni wanatoa thelathini na zaidi kwa mark hiyo hiyo, na kwamba mimi ni mjinga kupitia benki. Huenda ni kweli. Lakini nakumbuka mlivyoniandikia mwaka juzi, watu walivyokuwa wanatupa sukari na sabuni mtoni usiku kwa kuogopa kuitwa wahujumu uchumi. Noti za kigeni ndani ya nyumba ya Mama sizitaki. Akutwe nazo kitandani, mgonjwa, apandishwe gari la polisi? Hapana. Bora zipungue zikiwa halali.

Jina nimeliunganisha. Nilikaa na barua yako kama mtu anayefanya mtihani. Kinachonyesha si shida, baba yangu namjua. La Sikukuu nimepata mara moja: Paskalina. Paskalina Mabula. Nilipolijaza kwenye fomu nilicheka peke yangu pale dirishani, nikimfikiria Mama na jina la kitoto namna hiyo. Ni zuri lakini. Limemfaa.

Nenda Kahama mwishoni mwa Novemba. Mpeleke Mwanza mara moja, usisubiri mtu.

Otmar


Ushirombo
15 Desemba 1985

Shemeji,

Tumesalimika, na mvua zimekuja vizuri safari hii, mahindi yamefika magotini. Justina ameugua surua akapona. Jirani yetu Mama Scolastika amejifungua mapacha na anakusalimu, anasema mmoja angemwita Otmar kama wasingekuwa wa kike wote wawili. Swali la Mama hukulijibu.

Tulikwenda Kahama tarehe 29 Novemba, mimi na yeye. Kwenye basi nilimkalisha dirishani kwa sababu ya kutapika. Benki tulipanga foleni, na mtu mmoja akatupa kiti. Karani alipoona karatasi yake na kitabu chetu akavitazama vyote viwili, mara hiki mara kile.

"Mama, jina lako nani?"

Mama akalitaja. Mimi nikatazama mlangoni, kama ilivyo mila.

"Ndilo hili la kitabuni. Lakini hili la kwenye hela ni lingine."

"Hela ni ya mwanangu Otmar. Yuko Ujerumani. Ni yangu."

"Nakuamini, mama yangu. Lakini karatasi haikujui. Huyu ni Paskalina, wewe siye."

Ndivyo ilivyokuwa, shemeji. Paskalina siye. Umekaribia mlango ukagonga wa jirani. Mama alilitaja jina lake mara ya pili na ya tatu, kwa sauti kubwa zaidi, kama vile karani ni kiziwi, na watu kwenye foleni wakaanza kugeuka. Mzee mmoja akasema kwa Kisukuma, "Mpeni mama hela yake." Karani mwenyewe alikuwa karibu kulia. Alisema hana ruhusa, hela itarudi Dar na Dar itairudisha kwenu, na kwamba itachukua muda kwa sababu hela ya kigeni ikishaingia nchini kutoka tena ni mpaka Benki Kuu ikubali.

Kurudi, basi lilisimama Masumbwe. Pale Mama akasema, "Huyo Paskalina ana bahati." Tukacheka, yeye akishika tumbo.

Kaka yako alikuja Jumapili. Duara lao, lile shimo la dhahabu, limejaa maji, kwa hiyo hana kitu na ana maneno mengi. Anasema ungeweka noti zenyewe kwenye bahasha katikati ya picha, angezibadilisha huko machimboni Nyarugusu kwa siku moja, na sasa hivi Mama angekuwa ameshashonwa.

Krismasi njema, kama huko wanasali.

Generoza


Dortmund
26 Januari 1986

Mama Kamili,

Natumaini mwaka umewafungukia vizuri. Huku theluji imefunika baiskeli za watu. Kusali wanasali, ila makanisa ni makubwa na watu ni wachache. Ninyi mngeyajaza hadi nje.

Hela zimerudi. Nilituma mark mia sita, zimerudi mia tano na kumi na saba. Nilikwenda kuuliza ni nani amekula themanini na tatu, na yule dada wa benki, mpole sana, akanichorea kwenye karatasi. Kwenda zimekatwa. Kufika Dar zikageuzwa shilingi kwa bei ya kununulia. Kurudi zikageuzwa mark kwa bei ya kuuzia, na bei hizo mbili hazifanani, ndiyo faida ya benki. Kisha zikakatwa tena njia nzima. Nikamwambia, "Lakini hazikufanya kazi yoyote, zimetembea tu." Akasema, "Ndiyo, bwana, hata kutembea ni gharama." Nilitoka pale nikiwa na hasira na mtu ambaye simwoni.

Sasa nisikilize shemeji. Nakuheshimu, na mila naijua, nilizaliwa humo. Lakini huu si wakati wa kupita pembeni. Mama mwenyewe si mtu wa kukukasirikia. Niandikie jina kama lilivyo kwenye kitabu, herufi kwa herufi. Ikikushinda kabisa, mwombe katekista. Safari hii nitawaagiza wasizigeuze shilingi mpaka mwenye jina asimame mbele yao, ili likitokea la kutokea zisikatwe mara mbili.

Anaendeleaje? Umeandika habari za foleni na za basi. Za tumbo hukuandika.

Otmar


Ushirombo
9 Machi 1986

Shemeji Otmar,

Salamu kutoka kwa watu wa mvua, maana tumelowa mpaka godoro. Nyoka amekula vifaranga sita. Kamili amekuwa wa tatu darasani na mwalimu ameacha fimbo.

Tumbo umeuliza. Limekua. Anakula uji na mara chache samaki. Usiku analala ameketi, nikimwegemeza kwa magunia. Daktari wa misheni amesema bado inawezekana, lakini hakulisema kama alivyolisema Septemba.

Jina. Mama alisikia barua yako nilipomsomea, nikaruka pale pa kumtaja, akasema, "Umeruka wapi?" Sikuweza kumdanganya. Akasema mbele ya Mama Scolastika awe shahidi: "Andika, mwanangu. Nimekuruhusu mimi mwenyewe, hakuna wa kukuuliza." Nikachukua kalamu. Niliandika herufi ya kwanza nikaikata. Mkono haukwenda. Usidhani ni ushamba, nina sababu na si ya kuiweka kwenye barua.

Nikaenda kwa katekista Ngassa. Aliandika kikaratasi hiki nilichokubandikia, lakini naye unamjua, kusoma anasoma na kuandika anaandika kama anavyosema. Nililinganisha na kitabu, nikaona kuna mahali yeye ana "s" na kitabu kina herufi nyingine, na ameongeza "i" pasipokuwa na "i". Pasikasia, ameandika. Nikamwambia si hivyo. Akaniuliza, "Basi ni vipi?" Nikamwonyesha kitabu, akasema waliopiga mashine ndio waliokosea.

Kwa hiyo nikaona tusibahatishe tena. Nimekufungia kitabu chenyewe humu ndani. Kiko kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Fungua ukurasa wa kwanza, jina utaliona kwa macho yako, limepigwa kwa mashine, wala hakuna aliyelitamka. Nimelipia stempu nyingi. Nilirudi kutoka posta nimefurahi kama mtu aliyemaliza palizi, na Mama naye akasema, "Umewaza vizuri."

Swali lake lile la zamani bado analiuliza.

Generoza


Dortmund
20 Aprili 1986

Mama Kamili,

Salamu kwa wote. Sina habari za hali ya hewa leo.

Nimekipokea kitabu. Nilipofungua bahasha nikaona jalada la bluu lenye jina la benki. Generoza, benki hailipi mtu bila kitabu chake. Hiki ndicho walichotaka kukiona dirishani, na sasa kiko mezani kwangu Dortmund, karibu na sahani. Sikulaumu. Nilikaa nacho mkononi, nikaona ulivyokikunja kwenye nailoni ukazungushia uzi wa kushonea, na sikuweza kukasirika.

Nilipofungua nikaliona jina. Kumbe ndilo hilo. Nimelisoma kwa sauti, mimi ni mwanawe, naruhusiwa, na nilikuwa sijawahi kulisikia. Miaka minne mama yangu ana jina ambalo sikulijua.

Nimefanya mambo mawili siku hiyo hiyo. Nimetuma mark mia tano, kwa jina sahihi, kila herufi, na maagizo kwamba zisigeuzwe mpaka siku ya kulipwa. Na kitabu nimekirudisha kwa rejesta. Ukishakipata usikiachie hata Stanslaus akishike. Nenda nacho Kahama siku hiyo hiyo, hata kama ni kwa baiskeli.

Otmar


Ushirombo
18 Mei 1986

Shemeji,

Barua yako haijafika, labda tumepishana njiani. Naandika kwa haraka, kuna mtu wa gari anayekwenda Kahama.

Karani yule wa benki alitutumia ujumbe kwamba hela imefika na jina ni lenyewe. Nilikwenda peke yangu, maana Mama hapandi basi tena. Nikamweleza hali ya mgonjwa. Akasema angeweza kukubali alama ya dole gumba la Mama kwenye fomu, hilo angenisaidia kwa huruma. "Nipe tu kitabu," akasema.

Nikamwambia kitabu kiko Ujerumani.

Hakucheka, shemeji. Ningependa angecheka. Aliniuliza, "Kimefuata nini huko?" Nikasema kimepeleka jina. Akashika kichwa. Alisema mark zako zimetulia Dar, hazijaguswa, zitageuzwa shilingi siku kitabu kitakapokuja. Mpaka leo sijui niliwaza nini. Nilijua kwamba kitabu ni cha benki, kila mtu anajua. Nilichokiona mimi ni jina tu, na namna ya kulifikisha bila kulishika.

Rudisha kitabu, tafadhali. Kama umekwisha kukirudisha basi Mungu akiharakishe.

Mama amekonda uso, tumbo tu ndilo limebaki nene. Jana alikuita kwa jina la baba yako. Halafu akajisahihisha. Haulizi tena utakuja lini. Anauliza kama unakula.

Generoza


Dortmund
29 Juni 1986

Mama Kamili mpendwa,

Nawasalimu kwa furaha kidogo, mara ya kwanza mwaka huu. Sijapata barua baada ya ile ya Mei, kwa hiyo nachukulia kwamba kitabu kimeshafika au kiko posta.

Sikiliza. Kwenye redio ya Kiswahili ya hapa nimesikia kwamba shilingi imeshushwa. Nilikwenda benki asubuhi yake, na yule dada akanihesabia: mark iliyokuwa shilingi sita sasa ni karibu kumi na nane. Unaelewa maana yake? Hela zetu zimekaa Dar bila kugeuzwa. Zingelipwa Novemba tungepata kidogo, zingelipwa Mei kidogo. Sasa ni mara tatu, bila mimi kuongeza hata senti. Gari la kukodi, dawa, na baadaye nyama ya kumpa nguvu, vyote vitatosha. Nilitoka pale nikitembea haraka kama mlevi. Ucheleweshaji wote huu, kitabu, herufi, Paskalina wangu, kumbe umetufaa. Mwambie Mama hivyo. Mwambie alikuwa anasubiri bei nzuri kama wafanyabiashara wa Katoro.

Na umwambie jibu la swali lake, nimelikwepa mno. Sisomi tena, Generoza. Masomo ya ufadhili yaliisha tangu mwaka themanini na tatu, na ufadhili wa pili sikuupata. Naosha vyombo kwenye jiko la hoteli. Kibali changu ni cha miezi mitatu mitatu, na nikitoka nje ya nchi hii hawanirudishi ndani. Ningekuja na mikono mitupu nikae Ushirombo niwe mdomo mwingine wa kulishwa. Niliona bora nitume. Kila nilipotaka kukuandikia hivi niliandika habari za ada na bei ya mark, kwa sababu hizo nazijua. Mwambie ninakula. Kwenye jiko mtu hakosi kula.

Akishapona nitakuja, hata wasiponirudisha. Nimeamua.

Otmar


Ushirombo
10 Agosti 1986

Shemeji yangu Otmar,

Nakusalimu nikiwa nimekaa chini. Watoto wako salama. Usisome barua hii kazini.

Mama alitutoka tarehe 11 Juni, alfajiri, nikiwa nimemwegemeza. Hakuhangaika sana. Aliomba maji, akanywa kidogo, akanishukuru, "Wabeja," akalaza kichwa hapa begani kwangu. Tulimzika kesho yake pembeni ya Baba. Stanslaus aliwahi kufika, alitembea usiku kucha kutoka Nyarugusu, na alilia mpaka wanaume wenzake wakamshika. Alisema atakupigia simu ya maandishi kutoka Geita. Ulivyoandika hiyo barua ya tarehe 29 nimejua hakupiga. Usimchukie, nadhani alifika dirishani akashindwa, na mimi ni nani wa kumsema mtu aliyeshindwa na maneno machache.

Kitabu kilifika tarehe 19 mwezi huo huo. Posta waliniletea mpaka nyumbani kwa sababu ya ule muhuri wa rejesta. Uzi wangu ulikuwa kama haujafunguliwa, umeufunga tena vilevile nilivyoufunga mimi.

Barua yako ya bei nzuri nimeisoma peke yangu shambani. Sikumsomea mtu. Kisha nikaenda Kahama, kwa sababu uliniambia niende siku hiyo hiyo na nilikuwa sijaenda. Karani alitazama kitabu, akatazama karatasi, akatabasamu, "Sasa vimekubaliana." Akapiga hesabu. Ni nyingi kweli, shemeji, mark yako imeshakaribia shilingi ishirini. Akaniuliza mama hali yake. Nilipomwambia alifunga kitabu taratibu akanisukumia. Amesema ama twende mahakamani tufungue mirathi, ama hela irudi kwako, na ikirudi itakatwa tena. Amua wewe. Mimi kwa hilo sina neno.

Sasa nikuambie ile sababu. Mwaka wangu wa pili wa ndoa, wewe ukiwa bado seminari, Mama aliteleza kisimani na mimi nikashtuka nikamwita kwa jina lake la kuzaliwa, kwa sauti. Yeye hakuumia. Mwezi uleule mtoto wangu wa kwanza, Serafina, alikufa bila kuugua. Hakuna aliyenilaumu. Mama mwenyewe alinikumbatia akasema watoto hufa, mwanangu, hawafi kwa jina. Sikumwamini. Miaka kumi na miwili sikumwamini, na pale aliponiruhusu kuandika nilimwona Serafina na nikawaza Kamili na Justina. Ndiyo maana nilikutumia kitabu.

Kwa hiyo jina lake kwangu lilikuwa na uzito huo. Na kwako, neno la kuja kumwona lilikuwa na uzito wake. Naye akawa katikati yetu, anasubiri. Nakuambia hivi bila hasira, Otmar. Usiku nina hasira, lakini mchana huu sina.

Jumamosi seremala alileta msalaba wa mninga. Akataka kuandika akaniuliza jina. Ngassa katekista alikuwepo, akanyoosha mkono kuchukua brashi. Nikamwona anavyojiandaa na ile "s" yake. Nikamwambia, "Hapana, utalikosea." Nikaichukua mimi. Watoto nilikuwa nimewapeleka kwa Mama Scolastika, bado naogopa, sikufichi. Nilimwomba Mama ruhusa tena moyoni, nikapiga magoti, nikaandika la ubatizo, nikaongeza la kuzaliwa ambalo benki hawakulijua, nikamalizia na la Baba. Rangi nyeupe.

PASKAZIA LIMI MABULA

Liko hivyo, shemeji, herufi kwa herufi, kama ulivyoniomba.

Generoza